Jiwe la Pito, Kimondo cha Mbozi na Vumbi la Ivuna

Wale mnaonisikiliza redioni Jumapili jioni mlinisikia wiki iliyopita nikieleza habari za jiwe la mjomba wangu wa Pito. Simu na ujumbe uliofuata ulikuwa mwingi kuliko nilivyozoea, na wengi mmeomba maneno yale yaandikwe ili myasome kwa nafasi. Nayarudia hapa, na yale niliyoyaruka kwa kubanwa na muda nimeyaingiza.

Pito si mbali na Sumbawanga mjini. Ni Ufipa, nchi ya juu, ambako Juni na Julai mtu hatoki nje alfajiri bila koti. Mama yangu alizaliwa huko. Siku moja mjomba alinipigia simu, sauti ikiwa ya chini kama ya mtu aliyejificha nyuma ya ghala.

"Mjomba," aliniambia, maana sisi mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, "njoo upesi na usimwambie mtu. Kimondo kimeanguka kwenye shamba langu la maharage."

Nilifika siku ya tatu yake. Baada ya shikamoo na chai, alifunga mlango, akavuta kutoka chini ya kitanda ndoo ya plastiki iliyofunikwa kwa kanga. Ndani mlikuwa na jiwe jeusi, ukubwa wa kichwa cha mtoto, zito, lenye kung'aa upande mmoja kama chupa iliyoyeyuka. Jembe lilikuwa limeligonga wakati wa kulima. Siku chache baadaye walipita watu wawili wenye gari na vitambulisho shingoni, wakatoa sumaku mfukoni, sumaku ikanasa. Wakamwambia ni kimondo, kwamba mnunuzi yuko nje ya nchi, kwamba bei yake ni mamilioni, ila kwanza lipimwe, na kipimo ni shilingi laki nne.

Mjomba alikuwa ameuza gunia tatu za maharage na kutoa laki mbili na nusu. Iliyobaki ilikuwa itoke kwa fahali aliyepangwa kupelekwa mnadani Jumamosi. Mimi nilifika Alhamisi. Jirani yake, mama mjane mwenye jiwe dogo la namna hiyohiyo, alikwisha kutoa zote nne.

Wenzangu wa mjini msicheke. Ni wangapi hapa mjini wamechimba sakafu za nyumba zao wakitafuta rupia za Mjerumani? Tapeli hahitaji mtu mjinga. Anahitaji mtu asiyekuwa na mahali pa kuuliza. Nami si mtaalamu wa nyota, nina stashahada ya uandishi wa habari tu, lakini kazi yetu ni kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata kwa kuuliza na kusoma.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili chetu hapa kinatuponza kidogo. Kimondo ni ule mwanga unaopita angani usiku ghafla, nasi tukasema nyota imeanguka. Kimondo pia ni lile jiwe linalookotwa chini. Mambo mawili, jina moja. Na vitu hivyo viwili huwa havikutani mara nyingi, kwa sababu karibu vimondo vyote unavyoviona usiku haviachi kitu cha kuokota. Vingi ni chembe ndogo mfano wa punje ya mchanga au ya ulezi. Kinachovifanya vionekane ni mwendo. Vinaingia katika anga letu kwa kilometa 11 hadi 72 kwa sekunde. Chukua kilometa 40, ambayo ni katikati. Safari ya basi kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, ile inayokuchosha mgongo, ingekwisha ndani ya sekunde kumi. Kitu kinachokwenda hivyo hakiupi upepo nafasi ya kupisha. Hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi haraka, lakini mara elfu nyingi zaidi. Punje inateketea ikiwa bado juu sana, kilometa 80 hadi 120 kutoka ardhini, na mwanga wake ndio tunaouita nyota iliyoanguka. Nyota halisi haianguki. Jua ni nyota, na mnajua ukubwa wake.

Jiwe kubwa zaidi huponea. Tabaka la nje linayeyuka na kupeperuka, na kilichobaki kinapunguzwa mwendo na hewa mpaka kinaanguka kama jiwe lolote lililotupwa. Kumbuka safari yenyewe ya moto ni ya sekunde chache tu, na jiwe hilo limekaa miaka mamilioni katika baridi ya anga za juu. Joto halipati wasaa wa kuingia ndani. Kwa hiyo kimondo kikifika chini huwa kimepoa au vuguvugu, na hadithi za majani kuungua na shimo kufuka moshi usiku kucha mara nyingi hutiwa chumvi. Wale wawili walimwambia mjomba kwamba udongo mweusi pale shambani ni dalili ya moto wa kimondo. Udongo ule mweusi nitaurudia.

Kuna aliyewahi kupigwa na kimondo? Yuko, na ni jirani yetu. Tarehe 14 Agosti 1992, mchana kweupe, jiwe kubwa lilipasuka angani juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, na vipande vikanyesha kwenye mapaa na mashamba katika eneo la kilometa kadhaa. Kikubwa kilichopatikana kilikuwa na kilo 27. Kimoja kidogo, cha gramu tatu na ushei, kilipita kwenye majani ya mgomba, kikampiga kijana mmoja kichwani. Mgomba ulikipunguza nguvu, kijana hakudhurika. Katika kumbukumbu za dunia nzima watu waliopigwa na kimondo ikathibitika ni wa kuhesabu kwa vidole, na Afrika Mashariki tunaye mmoja.

Hatari iliyo kubwa kuliko jiwe lenyewe ni mshindo. Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la upana wa meta 20 hivi liliingia angani juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, likapasuka yapata kilometa 30 juu. Watu waliona mwanga mkali kuliko jua. Wakafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: walikimbilia madirishani kutazama. Mshindo wa hewa ukafika zaidi ya dakika moja baadaye na kuvunja vioo mji mzima. Walioumia walikuwa kama 1,500, wengi wao kwa vioo. Basi siku ukiona mwanga wa namna hiyo, kaa mbali na dirisha, hesabu dakika tatu nne, ndipo utoke kuulizana na majirani.

Sasa mawe haya yanatoka wapi? Mengi ni vipande vya asteroidi. Jua na sayari zake viliumbika yapata miaka milioni 4,560 iliyopita kutokana na wingu la vumbi na gesi. Aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma anajua kwamba nyumba ikikwisha, kiwanjani hubaki vipande, matofali mazima yaliyozidi, kokoto na mchanga. Asteroidi ndiyo masalia hayo ya ujenzi. Nyingi zinalizunguka jua katikati ya sayari ya Mirihi na ile kubwa kupita zote, Mshtarii. Ya kwanza kugunduliwa, Ceres, ilionwa na padri Giuseppe Piazzi huko Palermo, Italia, usiku wa Mwaka Mpya wa 1801. Upana wake ni kama kilometa 940, na siku hizi wataalamu wameipandisha cheo wakaiita sayari kibete. Leo zinazojulikana zimepita milioni moja, lakini ukizikusanya zote hazifikii hata nusu ya uzito wa mwezi wetu. Wanaodhani ni ukuta wa mawe uliosongamana wamedanganywa na sinema. Vyombo vinavyosafiri kwenda Mshtarii hupita katikati yake bila kugusa kitu.

Kometi ni ndugu mwingine, aliyezaliwa mbali na moto. Huko nje kwenye baridi, maji na gesi viliganda pamoja na vumbi, vikawa mabonge ya barafu chafu. Wazee waliiita nyota yenye mkia. Bonge lenyewe ni dogo. La kometi ya Halley lina urefu wa kilometa 15 hivi, na chombo cha Giotto kilipolipita karibu mwezi Machi 1986 kililikuta jeusi kama mkaa. Likikaribia jua, barafu inageuka mvuke, mvuke unabeba vumbi, na ndipo mkia unapotokea, wakati mwingine wa kilometa mamilioni. Mkia huo haufuati nyuma ya kometi kama vumbi nyuma ya lori. Unasukumwa na jua, kwa hiyo kometi ikiwa inaondoka, mkia unaitangulia. Fikiria kanga kwenye kamba: inaelekea unakokwenda upepo.

Mimi nilishaiona moja nikiwa palepale Pito. Ilikuwa 1997, nami mwanafunzi wa sekondari niliyekuja likizo. Jioni, upande wa kaskazini-magharibi, chini chini, ilikaa Hale-Bopp kama mswaki mweupe. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikataa kutoka nje. Alisema nyota ya namna ile haiji bure. Mwisho wa mwaka huohuo zikaja mvua za Elnino, barabara zikakatika nchi nzima, madaraja yakachukuliwa, na bibi akanitazama bila kusema neno. Nilikosa jibu wakati ule. Jibu ni kwamba Elnino husababishwa na maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kiasi. Ilikuja 1982 na 2015 pia bila Hale-Bopp kuwapo. Lakini simlaumu bibi. Mtu akiona mambo mawili makubwa ndani ya mwaka mmoja, akili yake huyafunga kamba moja. Halley, ambayo hurudi kila baada ya miaka 76 hivi, itaonekana tena 2061. Hale-Bopp tusiingoje, itachukua zaidi ya miaka elfu mbili.

Vumbi linaloachwa na kometi njiani ndilo linalotupa zile nyakati za vimondo vingi. Kila mwaka mwanzoni mwa Mei dunia yetu hukata njia ya vumbi la Halley. Kwa Ufipa huo ni wakati mwema, mvua zimekwisha na anga limesafika. Amka saa kumi alfajiri tarehe 5 au 6, tazama mashariki, jifunike vizuri. Vimondo vya Desemba, usiku wa tarehe 13 na 14, ni vingi zaidi, navyo hutokana na asteroidi iitwayo Phaethon, ila Desemba kwetu mawingu hayana ahadi.

Nikaribie nyumbani. Kimondo cha Mbozi mnakijua, kwenye kilima cha Marengi, katika mkoa ambao tangu 2016 unaitwa Songwe. Wenyeji walikijua toka zamani. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa wataalamu mwaka 1930. Urefu wake ni meta tatu na ushei, uzito unakadiriwa tani 16, na kimo miongoni mwa vimondo vizito kabisa vilivyopata kuonekana duniani. Kinachoongoza ni kile cha Hoba, Namibia, chenye tani 60 hivi. Cha Mbozi kimehifadhiwa kisheria tangu 1967. Asilimia 90 yake ni chuma, na karibu asilimia tisa ni nikeli.

Chuma kitupu namna hiyo kinatoka wapi angani? Hapa wazee wa Kifipa wangeelewa haraka kuliko sisi wasomi. Baadhi ya asteroidi za mwanzo zilikuwa kubwa, na ndani yake mlikuwa na aina ya aluminiamu iliyokuwa ikitoa mnururisho na joto. Zikayeyuka. Chuma, kwa uzito wake, kikazama katikati. Mawe mepesi yakaelea juu. Baadaye zikagongana, zikavunjika, na kiini cha chuma kikatawanyika vipande. Kimondo cha Mbozi ni kipande cha kiini kama hicho. Kwa maneno mengine, ni chuma kilichokwisha kupikwa katika tanuru ambalo hakuna mtu aliyelichochea.

Wasiosikika sana ni jamaa wa pili. Ukisimama kwenye milima ya Mbizi juu ya Sumbawanga na kutazama chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, Ivuna iko kusini-mashariki, kama kilometa 100 kwa mstari ulionyooka. Wengi waliopata kuisikia waliisikia kwa sababu ya chumvi yake. Tarehe 16 Desemba 1938, jioni, vilianguka pale vijiwe vyeusi ambavyo jumla yake ni gramu 705. Haifiki kilo ya sukari. Lakini katika vitabu vya wataalamu wa vimondo wa dunia nzima, kundi moja zima la mawe ya angani lina herufi I katika jina lake, na I hiyo ni Ivuna.

Kwa nini? Kwa sababu mawe haya hayakupikwa. Mbozi ni ugali, Ivuna ni unga. Ukichambua madini ya Ivuna na kuyalinganisha na yale yaliyomo katika jua lenyewe, ukiacha gesi nyepesi zilizotoroka, vipimo vinakaribiana mno. Ndilo vumbi la mwanzo lililofinyanga dunia yetu, likatunzwa miaka milioni 4,560 bila kuyeyushwa. Lina maji yaliyojifunga ndani ya madini, na mwaka 2001 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta humo asidi za amino, zile ambazo miili yetu hujengea protini. Si uhai, tuelewane. Ni matofali tu.

Jiwe la aina hii ni laini, na likiingia maji linamomonyoka likawa tope. Yaliyopata kushuhudiwa yakianguka ni machache mno, hayafiki kumi. Nanyi mnajua Desemba katika bonde la Rukwa ni mwezi gani. Kama lisingeokotwa mapema, mvua moja ya masika ingetosha kulirudisha udongoni. Mimi humfikiria sana mtu yule wa Ivuna, ambaye jina lake silioni kwenye vitabu, aliyeinama kuokota jiwe jeusi lisilo na thamani ya jembe wala ya nyundo. Leo sehemu yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho London. Wajapani walituma chombo, Hayabusa2, kwenye asteroidi ya Ryugu, na Desemba 2020 kikarudi na gramu tano na kitu za udongo wa huko. Walipoupima walikuta unafanana na nini? Na Ivuna. Safari ya miaka sita na mabilioni ya fedha imekwenda kuleta kitu cha ukoo mmoja na kile kilichoangukia bonde letu bure.

Na kama kuna jambo la kuwauliza wenye dhamana, ni hili: watoto wetu wa Sumbawanga wanaifundishwa Ivuna shuleni? Mimi nilisoma kulekule, sikuifundishwa.

Haya, turudi kwa mjomba na ndoo yake.

Nilibeba sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya ofisini. Ilinasa, kwa unyonge. Mjomba akatabasamu. Nikamwambia sumaku peke yake si shahidi wa kutosha, maana vimondo vingi vina chuma na hunasa, lakini hata mawe mengi ya hapa duniani hunasa. Nikaomba tulitoe jiwe juani.

Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na gamba jeusi jembamba, unene wa ganda la yai, na ndani huwa na rangi nyingine. La mjomba lilikuwa jeusi mpaka ndani. Kimondo huwa hakina matundu ya mapovu. La mjomba lilikuwa na vitundu kila mahali, kama mkate, dalili kwamba liliwahi kuchemka likiwa uji na gesi ikatokea humo. Hapo mjomba alianza kunyamaza. Kisha nikaligeuza. Upande wa chini, ndani ya ile sehemu inayong'aa, palikuwa na alama tatu ndefu zenye mistari mistari, kama mtu alivyokandamiza kipande cha kuni kwenye udongo mbichi.

"Hii ni nini, mjomba?"

Aliitazama muda mrefu. Mjomba amechoma mkaa maisha yake yote.

"Mkaa," alisema.

Angani hakuna miti, kwa hiyo hakuna mkaa. Jiwe lile lilikuwa mavi ya chuma. Kabla majembe ya madukani hayajaenea na kuua kazi ile katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yenye kimo cha hata meta tatu, mara nyingi kando ya kichuguu ili udongo uwe karibu. Chini waliacha matundu na kuingiza mirija ya udongo. Urefu wa tanuru wenyewe ulivuta upepo, bila mtu kufukuta. Walipanga mkaa na mawe ya chuma kwa zamu, likawaka siku kadhaa. Kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, sasa kwa mivukuto, ndipo kikawa jembe. Takataka iliyoyeyuka ilitiririka, ikaganda, ikatupwa. Ufipa imejaa takataka hiyo. Na udongo mweusi wa shamba la mjomba haukuunguzwa na mbingu. Ulikuwa na vumbi la mkaa.

Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. "Nyie watu wa redio," alisema, "mnajua kila kitu mtu akishapoteza." Kisha akatoka kwenda kumwangalia fahali wake, na mimi nikabaki uani na lile jiwe.

Jioni tulizipiga zile namba za simu. Zote mbili hazikupatikana. Mama mjane alikwenda polisi kesho yake, nami nikamsindikiza; jalada limefunguliwa. Laki mbili na nusu za mjomba sidhani kama zitarudi. Fahali hakwenda mnadani.

Kwa atakayeokota jiwe analolitilia shaka: usilivunje, usilipake mafuta, usimlipe mtu yeyote ada ya kulipima kabla ya kuulizia kunakohusika. Piga picha, andika tarehe na mahali. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, na ndani ya maabara kipimo cha nikeli humaliza ubishi, kwa maana chuma cha malungu hakina nikeli kama ya Mbozi. Na anayekuja na gari kukuhimiza utoe fedha leo, mwombe barua ya ofisi yake, uone atakavyokumbuka kwamba ana safari.

Usiku wa mwisho kabla sijaondoka umeme ulikatika, tukakaa nje na mjomba tukiota moto. Nilimweleza kuhusu asteroidi iitwayo Apophis, ambayo upana wake unapita meta 300. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, itapita kilometa 32,000 hivi kutoka ardhini, karibu kuliko baadhi ya setilaiti zinazoturushia televisheni. Haitatugonga, mahesabu ya 2021 yaliondoa hofu hiyo kwa miaka mia moja na zaidi. Lakini itaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika, kama nyota ndogo inayotembea polepole, na kwa saa zetu itakuwa karibu kabisa yapata saa saba kasorobo usiku.

"Na Pito itaonekana?" aliuliza.

Nikamwambia mawingu yakituhurumia, itaonekana.

Asubuhi alinipeleka mwenyewe shambani, mwisho wa matuta ya maharage, kwenye kichuguu cha zamani ambacho nimekipita tangu utotoni. Alichokoa majani kwa fimbo. Palikuwa na duara la udongo ulioungua ukawa mwekundu, na vipande viwili vya mirija ya udongo, kimoja bado kina alama za vidole vya aliyekifinyanga. Nilitamani kuchukua kimoja nije nacho studio. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kujichimbulia tu, na kwa vyovyote mjomba alikwisha kuanza kuvifunika.